Uzi maalumu: "Madaktari" wa TikTok na dozi zinazokuja na basi, Nyanda za Juu Kusini

#1 Mtu_wa_Uyole

Kamwene wakuu. Na wa Rungwe na Kyela, ugonile.

Uzi huu ni wa mainfluensa wa afya, wale wa TikTok, Instagram na magrupu ya WhatsApp wanaofundisha asubuhi na kuuza jioni. Naomba tusiishie kwenye matusi. Tuchambue biashara yenyewe inakwendaje, kwenye zile chupa kuna nini, na mtu wa Tukuyu, Makambako au Mafinga aangalie nini kabla hajatuma hela.

Kwanza tukubali kwamba hawakuibuka hivi hivi. Mtu wa ndani huko Makete anapanda gari, anakaa foleni, anaingia kwa daktari dakika chache, anatoka na karatasi asiyoielewa. Kwenye simu kuna mtu anamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwa nini nyayo zinawaka moto usiku. Lazima amwamini huyu wa simu. Wapo madaktari, wauguzi na maafisa lishe wenye usajili wanaoliziba pengo hilo vizuri na hawauzi hata kidonge, hao siwazungumzii hapa.

Tabia yenyewe pia haikuanza na simu. Mwaka 2011 watu walifunga safari kutoka kila kona kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kile kilikuwa kikombe kimoja, bei moja, umemaliza. Siku hizi kuna dozi ya kusafisha, dozi ya kutibu na dozi ya kuimarisha, na kila moja ina bei yake.

Mtego ninaoona ni mbaya kuliko yote ni sentensi moja: "Ukiharisha, ukitapika au ukitoka vipele usiogope, ni sumu zinatoka." Ukipata nafuu, dawa imefanya kazi. Ukizidiwa, dawa imefanya kazi. Mtu akishameza sentensi hiyo hana tena alama ya kumwambia asimame.

Wataalamu karibuni.

#2 Fundi_Matangazo

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa matangazo, maana ndiyo kazi yangu.

Video ya afya huwa imekatwa hivi: sekunde tatu za kwanza ni kitisho ("Ukiona dalili hii kizazi chako kinaoza"), halafu dalili nne au tano ambazo karibu kila binadamu anazo: uchovu, kiuno kuuma, tumbo kujaa, kukosa usingizi. Mwisho: "Andika NATAKA kwenye komenti." Hiyo NATAKA ina kazi mbili. Komenti nyingi zinauambia mtandao kwamba video inapendwa, kwa hiyo isukumwe kwa wengine, na wewe mwenyewe umejiorodhesha kuwa mteja. Ndani ya saa moja unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Humo kuna "mtaalamu" anayekuuliza maswali yale yale, kuna shuhuda, kuna "ofa inaisha saa sita usiku". Hela kwa simu, mzigo kwa basi.

Picha za kabla na baada: angalia mwanga, mkao, nguo, na kama tumbo limejazwa pumzi. Zote mbili zinaweza kupigwa siku moja. Piga skrini shoti, ifungue kwenye Google Lens, ukate uso au tumbo peke yake halafu utafute. Mara nyingi "mteja wetu wa Vwawa" anatokea kwenye tangazo la Ufilipino au Brazili.

Na sasa kuna video za akili mnemba: daktari anayejulikana anatangaza dawa ambayo hajawahi kuisikia. Tazama midomo inapotamka p, b na m. Kwa Kiswahili lazima midomo ifungane, na video nyingi za kughushi zinateleza hapo. Sikiliza pia anavyotamka majina ya mahali. Lakini zinaboreka kila siku, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuingia kwenye ukurasa wake halisi uone kama tangazo lipo.

Wala msidhani ni ushamba wetu. Australia, Belle Gibson alijenga jina na programu ya simu kwa kudai ameshinda saratani ya ubongo kwa chakula. Saratani hakuwahi kuwa nayo. Mwaka 2017 mahakama ilimpiga faini ya dola za Australia 410,000. Marekani, yule Brian Johnson anayejiita Liver King alikula maini mabichi mbele ya kamera na kuwauzia watu sapulimenti kama siri ya misuli yake, mpaka Desemba 2022 alipokiri kwamba anachoma steroidi.

#3 Mfamasia_Soweto

Naingia kwenye chupa zenyewe. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

*Chai ya kupunguza tumbo.* Nyingi ni sanamaki, au utomvu wa njano wa shubiri, yaani dawa za kuharisha. Mzani unashuka kilo moja au mbili kwa sababu maji na kinyesi vimetoka, mafuta yako pale pale. Ukiendelea wiki kadhaa unapoteza potasiamu: misuli inakaza, mwili unaisha nguvu, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba kuharisha sana kunaweza kufanya kidonge kisinyonywe, akashika mimba akiwa "kwenye dozi". Nyingine huchanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa. Chai ya majani inayokukata njaa siku nzima na kukunyima usingizi, itilie shaka.

*Dawa ya kunenepa, hipsi, mashavu.* Hapa kuna saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi inavimbisha uso uwe duara, inapandisha presha na sukari, inalegeza mifupa. Hiyo hiyo deksamethasoni hufichwa kwenye "dawa ya asili ya viungo" za wazee, ndiyo maana goti linapoa ndani ya siku mbili. Sikilizeni hapa: aliyeitumia zaidi ya wiki tatu asiikate ghafla. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake, na ukikata kwa mkupuo unaweza kupata kutapika, presha kushuka na kuzimia. Beba kopo, nenda kituo cha afya, upunguziwe kwa hatua.

*Nguvu za kiume.* Poda ya mizizi inayofanya kazi ndani ya saa moja mara nyingi imetiwa sildenafili. Kwa mzee anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua ya moyo, mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha mpaka kufa.

*Krimu za kung'arisha.* Hidrokwinoni, steroidi kali na zebaki. Kwenye lebo zebaki inajificha kwa majina kama calomel, mercurio au mercurous chloride. Inaingia kupitia ngozi, inaharibu figo, na inahamia kwa mtoto kupitia taulo na shuka.

*Kusafisha kizazi, kuzibua mirija.* Zile "lulu" za kuweka ukeni zinachoma utando. Ule uchafu mnaopigiwa picha kwamba ni uvimbe umetoka ni ngozi ya uke iliyobanduka. Mirija iliyoziba kwa kovu haizibuliwi na chai. Na huwezi kujua imeziba kwa kuulizwa maswali WhatsApp, kuna eksirei maalumu inayopigwa baada ya kuingiza dawa kwenye kizazi. Vilevile "UTI sugu" bila kuotesha mkojo maabara ni jina tu.

#4 Kijana_wa_Mwanjelwa

Kwa hiyo jani ni la asili ila kazi anafanya mzungu wa kiwandani aliyejificha ndani 😂

#5 Jani_la_Babu

Naona mmeshaanza. Hospitali zikishindwa mnanyamaza, ila mtu wa mitishamba akikosea kidogo mnafungua uzi. Babu zetu waliishi bila hivyo vidonge. Hata dawa ya malaria mnayojivunia imetoka kwenye jani. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kisheria tangu sheria ya mwaka 2002. Au mnataka kufuta urithi?

#6 Mfamasia_Soweto

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna anayefuta, na mfano uliotoa ni mzuri, tuumalizie. Artemisinini imetoka kwenye pakanga, na Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuipata. Lakini chai ya pakanga leo Shirika la Afya Duniani haliipendekezi: kiasi cha dawa kwenye majani kinabadilika kutoka shamba hadi shamba, na dozi ndogo inaua vimelea dhaifu, inawaacha sugu. Jani lilikuwa mwanzo wa kazi. Kazi ilikuwa kupima kiasi.

Mganga aliyesajiliwa na Baraza ana jina, eneo na kibali, unajua pa kumkuta. Hapa tunazungumzia akaunti inayobadilisha jina kila baada ya miezi mitatu. Na mimi ugomvi wangu na majani ni mdogo sana. Mchaichai, tangawizi, mlonge kwenye mboga, kunywa tu mzee. Ugomvi unaanza mtu anapoambiwa "acha dawa za hospitali zisigongane na zangu."

#7 Dada_wa_CTC

Hapo pa "acha dawa" mniachie mimi.

Mikoa yetu ndiyo inayoongoza kwa VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Wauza dozi wanalijua soko hilo.

Ushuhuda wao unatengenezwa hivi. Mtu yuko kwenye ARV, virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Anaacha ARV, anaanza maji ya mizizi, baada ya siku chache anapima tena, bado havionekani. Kamera inawashwa: "Nimepona!" Kilichofanya kazi ni zile ARV alizomeza mwezi uliopita. Kwa walio wengi virusi hurudi ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kuacha, na video ya wiki ya sita hamtaiona. Akianza na kuacha mara kwa mara, anajitengenezea virusi sugu.

Kuna lingine ambalo hata wenye nia njema wanalikosea. Watu wengi sasa wako kwenye TLD, ambayo ndani yake kuna dolutegraviri. Sapulimenti zenye kalsiamu, chuma, zinki au magnesiamu, pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesiamu na alumini, zinaishika dolutegraviri tumboni isinyonywe. Meza TLD saa mbili kabla ya hizo, au saa sita baada yake. Kalsiamu au chuma unaweza kumeza pamoja na TLD kama umekula chakula. Kwa dawa za kiungulia chakula hakisaidii, tenganisha masaa. Mjamzito anayepewa FEFO yumo humu, FEFO ina chuma. Usiiache, panga masaa au meza na chakula.

Ukienda kliniki taja kila kitu unachotumia, hata kama ni "unga wa lishe tu". Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza omba mwingine.

#8 Lishe_Njombe

Dada umegusa unga wa lishe, asante.

Mainfluensa wa "mama na mtoto" wanauza unga wenye vitu kumi na tano: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta, dagaa na kadhalika. Lebo ndefu, mama anaona amenunua afya. Shida ziko tatu. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, inataka kuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, na uji wa dakika kumi hauivishi soya mbichi. Karanga na mahindi ndiyo makazi ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Sumu hiyo haionekani ikishasagwa na haifi kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukichanganya nafaka nyingi, gunia moja bovu linachafua kopo zima. Tatu, mtoto akipata mzio hujui ni kipi kati ya kumi na tano.

Inauma zaidi hapa kwetu. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa ni 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Chakula kipo, ila mtoto anapewa uji mwepesi na mara chache.

Fanyeni hivi. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Akitimiza sita, uji wa nafaka moja, mahindi yaliyokauka vizuri au ulezi, mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Anza vijiko viwili vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku, upande taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe mara tatu au nne. Kuanzia mwaka mmoja robo tatu hadi kikombe kizima. Uji ukiiva ongeza kimoja kimoja: parachichi lililopondwa, siku nyingine yai lililoiva, siku nyingine maziwa au maharage yaliyochujwa maganda. Parachichi Njombe na Rungwe msimu wake ni la kugawana, halafu mtu ananunua kopo la elfu thelathini.

Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja hapana, hata kwa kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumua. Na hiyo biashara ya kusaga kokwa la parachichi iacheni, usalama wake kwa kula haujathibitishwa.

Ah, na biti "kuongeza damu". Gramu 100 zina chuma kama miligramu 0.8 tu. Maini, maharage na dagaa wanaiacha mbali. Wanywa chai wa Mufindi na Tukuyu: chai pamoja na chakula inazuia chuma kunyonywa, iacheni ikae saa moja mbali na mlo.

#9 Binti_Kihesa

Naomba kuuliza wataalamu. Mama mkubwa ana sukari, anatumia glibenklamidi na metformini. Kuna kozi ya mtandaoni inasema akate ugali, wali na viazi kabisa siku 30, na "sukari ikishuka ujue mwili unajiponya". Ni sawa?

#10 Mfamasia_Soweto

Dada, kupunguza wanga kunasaidia kweli wenye sukari ya ukubwani, hapo hawajadanganya. Hatari ni kukata wanga huku dozi imebaki ile ile. Glibenklamidi inasukuma insulini itoke, umekula au hujala. Ugali ukiondoka, sukari inaanguka: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuongea visivyoeleweka. Huo "uponyaji" unaweza kumpeleka kwenye koma akiwa usingizini.

Aende kliniki kwanza dozi ipangwe upya, ndipo sahani ipunguzwe, akipima asubuhi na kabla ya kulala. Chini ya 3.9 kwenye mashine apewe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye nusu glasi ya maji, asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, mbebeni hospitali. Mashine nyingine zinasoma kwa namba kubwa kama 126, gawanya kwa 18 utapata 7.0.

Kama ni mtu wa kuchoma insulini tangu utotoni, kozi hizo asiziguse. Akiacha insulini, siku moja au mbili zinatosha kumuua.

#11 Mnyalu_wa_Ipogolo

Mmesahau mashine ya kushika fimbo! Unashika chuma dakika moja, inatoa kurasa nyingi za figo, ini, mifupa, hadi "kiwango cha sumu mwilini". Mtu anatoka na magonjwa kumi na mawili na sapulimenti za laki mbili.

Mashine hiyo haipimi damu wala mkojo, inagusa ngozi tu. Majibu yake yanatokana zaidi na umri, jinsia, urefu na uzito vilivyoingizwa kwenye kompyuta. Kuithibitisha ni rahisi: pimwa, halafu rudi pimwa tena kwa jina lingine na umri uliozidishwa miaka thelathini. Utapata "figo" mpya.

#12 Mtu_wa_Uyole

Ipogolo umenikumbusha suala la usajili, maana ndiko watu wanakozugwa sana. "Tumesajiliwa BRELA, tuna TIN." Hayo ni majina ya biashara na kodi. Hata duka la misumari linayo. Alama ya TBS ni ya ubora wa bidhaa kama chakula au kipodozi, haimaanishi kinatibu. Dawa ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ukienda kwenye tovuti yao kuna orodha ya dawa zilizosajiliwa: tafuta jina kama lilivyo kwenye kopo, na jina la kiwanda lilingane. Dawa ya asili ni Baraza la Tiba Asili. Anayejiita daktari, omba jina kamili la kwenye cheti ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekataa kutoa jina kamili ameshajibu.

Swali moja la kumuuliza inboksi, huwa linafanya kazi: "Nani hatakiwi kutumia dawa hii?" Mtaalamu atataja mjamzito, mwenye figo, anayetumia dawa fulani. Muuzaji atasema haina madhara, ni ya asili.

#13 Kijana_wa_Mwanjelwa

Mkuu na kama mtu ameshatumia na amedhurika? Wengi wanaona aibu wanatupa chupa.

#14 Dada_wa_CTC

Chupa isitupwe! Mabaki yaliyomo ndiyo yanayopimika. Funga kwenye mfuko safi, usimimine kwenye kopo lingine. Hifadhi skrini shoti za tangazo zikiwa na jina la akaunti, ujumbe wa muamala wa simu na risiti ya kifurushi cha basi yenye namba ya mtumaji. Nenda kituo cha afya utibiwe kwanza, ukiwa na chupa mkononi, useme umetumia kiasi gani na tangu lini.

Pale pale omba madhara yaripotiwe. Mtoa huduma anajaza fomu ya njano, na kuna ya kijani ya mgonjwa mwenyewe. TMDA wana ofisi ya kanda Mbeya, kwa hiyo wa Songwe, Rungwe na Chunya hamhitaji kwenda Dar. Dalili za kukimbia nazo bila kungoja asubuhi ni macho kuwa ya njano, mkojo kupungua sana au kuwa kama kokakola, kupumua kwa shida, degedege, na kutapika kusikokoma.

#15 Jani_la_Babu

Nimesoma yote. Hiyo ya kuuliza nani asitumie nimeipenda, nitaiuliza na kwa mganga wangu. Ila na nyie hospitalini muulizwe hivyo hivyo.

#16 Mfamasia_Soweto

Ulizeni mzee, na dirishani kwangu. Ongeza na mbili: nikisahau dozi nafanyaje, na nisichanganye na nini.